Namba ya Pili

Lusekelo alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa Tukuyu aliyekuwa ameishi Kigali miaka tisa. Katika ghala la chanjo za mifugo pale Kagarama walimjua kwa ubishi wa jambo moja: hakuamini joto lililoandikwa daftarini kwa kalamu. Alimsumbua meneja wake, Madamu Mutesi, mpaka kikanunuliwa kifaa cha kupiga simu za tahadhari. Kilikuwa kisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani yake, na waya mmoja ukiingia kwenye chumba baridi. Joto likipita nyuzi nane, kilipiga namba ya kwanza. Isipopokelewa, kilipiga ya pili, na kurudia hivyo mpaka mtu abonyeze kitufe cha moja kuonyesha amesikia.

Alikipanga mwenyewe, siku mbili nzima. Namba ya kwanza ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya Eddie, fundi mwenzake, Mnyarwanda aliyekulia Mbarara. Eddie ndiye aliyempokea Lusekelo alipofika mjini hajui hata salamu ya Kinyarwanda. Akamtafutia chumba, na baadaye akamsimamia harusi. Lusekelo alimfundisha kile kifaa hatua kwa hatua, akampangia na namba yake ya siri ya kukifungulia.

Alhamisi moja kidole tumbo kilimwangusha Lusekelo. Akapasuliwa kesho yake, simu yake imezimwa. Jumamosi Eddie alikuja hospitalini na machungwa, akakaa kitandani, akammenyea moja moja.

"Kifaa umekijaribu?" Lusekelo aliuliza.

"Asubuhi hii hii. Kimenipigia vizuri. Wewe humura, usihofu, ndugu yangu, tulia upone. Simu iko na mimi."

Jumapili mchana mtambo wa kupoza ulikufa. Jumatatu Madamu Mutesi alikuta nyuzi ishirini na moja. Chanjo za kideri, zilizokuwa zikisubiriwa na wafugaji wa kuku wiki ile, zikatupwa zote.

Lusekelo aliporudi kazini, bado anashika ubavu, alikuta barua ya onyo mezani. Ilisema alikipanga kifaa vibaya.

"Madamu, kilikuwa kinafanya kazi."

"Eddie ameapa hakikumpigia. Na mimi nilikiangalia mwenyewe Jumatatu ile: namba zote mbili zimo. Sasa niseme kosa ni la nani?"

Kibaya zaidi, Lusekelo mwenyewe aliamini kosa ni lake. Siku mbili alikisoma kitabu cha maelekezo tangu jalada hadi jalada, akitafuta alipoteleza. Eddie alimletea chai, akampiga bega. "Usijilaumu sana, Luse. Mtu yeyote anaweza kukosea."

Siku ya tatu ndipo alipofungua kumbukumbu ya mabadiliko ndani ya kifaa, sehemu ambayo Eddie hakuwahi kufundishwa, kwa kuwa Lusekelo hakuona haja. Ijumaa, saa kumi jioni: namba ya pili imefutwa. Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi: namba ya pili imeingizwa. Mara zote mbili, kwa namba ya siri ya Eddie.

Alisoma mara tatu. Ya Ijumaa angeweza kuyameza. Asichoweza kukimeza ni Jumamosi, yale machungwa.

Alimwita Eddie, akamwonyesha. Eddie alisoma, akafunga mlango.

"Jumapili kulikuwa na sherehe ya kumchumbia binamu yangu, kule Musanze. Mimi ndiye nilikuwa msemaji wa familia. Simu ingelia mbele ya wazee wote. Na ningeizima, kifaa kingeandika kwamba sikupokea. Nikasema, wikiendi moja tu, nini kitatokea?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningetafuta mtu mwingine, Eddie! Ukaja kunimenyea machungwa, ukijua hakuna anayelinda?"

Eddie alishusha sauti. "Mbabarira. Nisamehe. Sema kilijifuta chenyewe. Nina watoto, unawajua."

"Na wangu? Huwajui?"

Lusekelo alichapisha ukurasa ule, akaupeleka ofisini. Madamu Mutesi aliusoma, akaifuta barua ya onyo siku hiyo hiyo na kumwomba radhi. Eddie alihamishiwa tawi la Huye, kubeba maboksi, bila kugusa mtambo wowote. Kazini wengine walimwona Lusekelo hana shukrani, amemuuza mtu aliyempa pa kulala. Hakujitetea.

Jumapili moja walikutana kanisani, benchi moja, Eddie akiwa amekuja kuona familia. Padri alipowaambia watakiane amani, Eddie alinyoosha mkono. Lusekelo aliupokea. Ulikuwa sasa kama mkono wa mtu yeyote asiyemjua. Akageuka kumsalimia mama aliyekuwa nyuma yake.