Injini Iliyozidi Vidole Vinne

Harufu ya petroli iliyolala ndani ya turubai lenye unyevu ndiyo iliyonipokea kila nilipofungua mlango wa Landrova ya baba yangu, nyuma ya nyumba yetu ya mbao huko Kamenu, Thika. Ilikuwa harufu kali ya kukwaruza koo, lakini mimi niliipenda kuliko harufu ya chapati. Naandika haya nikiwa fundi mwenye gereji yangu mwenyewe Ruiru, wafanyakazi kumi na mmoja, na kisomo changu ni darasa la saba tu. Wenye digrii zao hutoka chuo kikuu cha Juja kuniletea magari na kuniita bosi. Sijisifu, nasema yalivyo. Ukimsikia mtu wa pande hizi anataka kutoa injini hii atie ile, ujue jina langu limeshatajwa. Lakini injini ya kwanza kabisa niliyoshiriki kuipangia mahali pake iliharibikia mikononi mwangu, na habari hiyo hakuna mtu gerejini aliyewahi kuisikia.

Landrova ilikuwa ya babu, naye alipofariki ikabaki kwa baba, injini yake ikiwa imekufa hata kabla ya mwenyewe. Baba alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo. King'ora kikilia anaingia, kikilia tena anatoka. Alikuwa na mpango mmoja tu maishani. Mvua za masika zikishika, barabara za huko juu milimani zilikuwa zikigeuka sabuni, pikapu zinazama mpaka milango, na maziwa ya wakulima yanaganda kwenye mikebe. Gari la kupanda matope lenye injini ya dizeli, isiyo na ulafi, lingempa kazi ambayo hakuna mwingine angeiweza. "Mimi sizeeki nikipigiwa king'ora kama mfungwa," alikuwa akimwambia mama, na mama alikuwa akiendelea kuchambua maharagwe bila kuinua kichwa.

Kabla sijaendelea lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake, mzazi wa baba. Kwa hiyo baba yangu hakuniita mwanangu hata siku moja. Aliniita Baba. "Baba, niletee spana." "Baba, umekula?" Hakunichapa kamwe, maana alisema mtu hamchapi mzazi wake. Ndugu zangu walikula viboko vyao na vyangu. Na nikisema neno, baba hakulipima mara mbili. Nani atamwambia mzazi wake kwamba ni mwongo? Watoto wengine wangeona ni bahati, na mimi niliona hivyo hivyo, nikatembea Kamenu nzima kifua mbele kama jogoo aliyelipiwa kodi.

Ilikuwa likizo ya Aprili. Baba alikuwa amekwisha kutoa injini mfu kwa mnyororo na magogo matatu, na shimo lililobaki chini ya boneti alilitazama kila jioni kama mtu anayetazama kiwanja atakachojenga. Alichora kwa makaa kwenye katoni: hapa injini, hapa giaboksi, hapa rejeta ya maji. Akasikia kwamba Njuguna, mwuza vyuma vikuukuu wa Ruiru, ana injini ya dizeli iliyotoka kwenye lori dogo, na yuko tayari kuibadilisha kwa ng'ombe wa maziwa. Sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja, Mweru. Baba hakupata ruhusa kiwandani, na Njuguna hakuwa mtu wa kumngoja mtu. Basi nikatumwa mimi, umri wa miaka kumi na miwili, na kamba ya mkonge mfukoni.

"Sikiliza, Baba," akaniambia. "Kimo si neno, boneti naweza kuiinua. Ni urefu. Anzia ncha ya feni mpaka mahali inapoungana na giaboksi, uvute kamba ikaze, upige fundo. Isizidi shimo hili hata kidole. Ikizidi, Mweru habanduki hapa."

Njuguna aliponiona nimepiga magoti mbele ya injini na kamba yangu alicheka mpaka akashika kiuno. "Wewe fundi, unaishonea suruali?"

"Naipima kama itaingia nyumbani kwetu," nikamjibu.

"Haya pima, lakini usisahau kuacha nafasi ya kiuno, wanawake wa kwenu wanapika vizuri!"

Nilipima sawasawa. Hilo naweza kuapa leo hii. Fundo nililipiga penyewe, na vidole vyangu vyenye grisi vikaacha doa jeusi. Kazi ilikuwa imeisha. Lakini nikapitia Mwihoko kwa shangazi yangu ili nipate kusifiwa, na akanisifu kweli, akanipa na miwa sita mirefu kuliko mimi. Miwa ikanitoroka begani. Mtu mwenye akili angebeba minne akaacha miwili. Mimi nikatoa kamba nikafunga tita, fundo juu ya fundo, na mvua ikaninyeshea njia nzima mpaka Thika.

Nyumbani kwa jirani, kabla ya kufika langoni, nilikaa nifungue. Mafundo yalikuwa yamevimba kwa maji, yote yanafanana kama vifaranga. Nikayang'ata kwa meno moja baada ya jingine, na la mwisho lilipolegea nikagundua kwamba nimeshika kamba tupu. Ilikuwa na madoa mawili ya grisi, moja karibu na ncha niliyoanzia kupima, jingine mbali zaidi, na kati yake vidole vinne. Moja ni la kipimo, jingine ni la mkono wangu tu. Nilijua kwa nini nilichagua la karibu. La mbali lingeweza kumwambia baba kwamba injini haitoshi, na mimi nilitaka itoshe. Nikapiga fundo hapo.

Baba akailaza kamba chini ya boneti yeye mwenyewe. Ikabaki nafasi ya vidole viwili. Akanitazama. "Una hakika, Baba?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. "Nina hakika," nikasema. Jioni hiyo mama alipokuwa akipika githeri ya mahindi na maharagwe, niliitupa kamba motoni, ikaungua ikitoa moshi mzito, na hakuna aliyeniuliza.

Mweru aliondoka Jumamosi asubuhi. Mama alimsindikiza hadi barabarani akasema neno moja tu: "Huyu hakuhitaji kupimwa ndipo atoe maziwa." Injini ikaja mchana juu ya pikapu. Wakaishusha kwa mnyororo, polepole, majirani wamejaa uani, mpaka feni ikagusa rejeta na injini ikakataa kwenda nyuma. Ilimeza vidole viwili vya ile nafasi, ikazidi viwili tena: vinne, sawa na kati ya yale madoa mawili. Baba akasimama pale mvua ikimdondokea. Nilingoja anigeukie. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Ni mimi," akasema. "Kamba ililegea nilipoilaza. Mkono wangu."

Hakuweza kukubali kushindwa. Akakata ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva, akakata na boriti iliyoshika giaboksi, akaunganisha upya kwa vyuma vya kuokota. Gari likawaka, likaunguruma, tukashangilia. Likabeba maziwa siku mbili. Siku ya tatu, kwenye mlima wenye matope, lilipasuka pale alipokata, mikebe yote ikamwagika mtaroni. Wakulima hawakumpa tena hata lita moja. Baba akarudi kwenye king'ora chake, akakisikiliza mpaka alipostaafu, na sijamwona tena akishika spana.

Siku hizi kupima si shida. Nina futi za chuma, nina mashine ya kuinua injini, na gari la kupanda milima likiingia kwangu leo, kesho kutwa linatoka na moyo mpya. Niliyoyajenga yote nimeyajenga kwa mikono hii. Mficha uchi hazai, wanasema, lakini mimi nimeficha na nimezaa, nimetajirika hata. Ndiyo maana naogopa methali.

Mwezi uliopita baba alinitembelea gerejini. Tulikuwa tunapanga kubadilisha injini ya gari kama lile la babu. Nikamnyooshea ncha ya futi. "Mzee, shika hapo nipime."

Akatia mikono yote miwili mifukoni mwa koti.

"Hapana, Baba. Mwite mwenye mkono imara. Huu wangu uliwanyima maziwa."

Vijana wangu wakacheka, wakidhani ni utani wa mzee. Nikacheka nao. Kisha nikafungua mdomo nimwambie, nikasema aletewe chai.