Maghala Mawili ya Irakoze

Kwa Irakoze, karani wa wakala wa forodha pale Rusumo, kitu hakijahifadhiwa mpaka kihifadhiwe mara mbili. Makaratasi ya malori yalimfundisha hivyo. Basi bibi yake Anjelika alipoanza kumtajia ndugu waliobaki Burundi, kilima kwa kilima, ili siku moja avuke akawatafute, Irakoze hakuchukua daftari kama binadamu wengine. Alifungua wiki ya ukoo, kitabu cha kurasa za kidijitali, kwenye kompyuta yake, kila ndugu na ukurasa wake, akaiundia maghala mawili ya Git, programu ya kutunza matoleo: moja la kazi, moja la akiba. Ghala hutunza kila toleo la ukurasa. Ukiharibu leo, unarudisha la jana.

“Bibi, hapa hapotei mtu,” alimwambia.

La akiba lilitakiwa kukaa mtandaoni. Lakini Rusumo simu hunasa minara ya nchi jirani ng'ambo ya mto, kifurushi cha data kikayeyuka kwa bei za kigeni hata ukurasa haujafunguka. Kila mtu huzima data, naye akazima. Akaliweka kwenye diski ileile ya kompyuta yake, kwa muda tu, hadi atakapopanda Ngara mjini kwenye mtandao wa uhakika. Kwa miaka miwili alipanda Ngara mara kumi na kitu, zote kuangalia mpira.

Bibi alizikwa kijijini Mugoma mwezi Machi. Aprili diski ikaanza kugonga kama kuku anayedonoa bati, kisha ikanyamaza. Fundi Ndassa wa Ngara aliifungua, akaifunga, akampa pole. Irakoze akamtuliza kwamba ghala la pili lipo. Liko wapi? Ndassa akauliza. Akaionyesha kompyuta ileile. Ndassa hakucheka, na hapo ndipo ilipouma.

Akaenda Mugoma kwa shangazi yake Eufrazia, aliyemenya ndizi kando ya Bibi jioni zote alizokuwa akitaja ndugu. Shangazi akataja majina manne. Wa tano, binti wa kaka yake Bibi, aliyeachwa kwa jirani akiwa mchanga siku ukoo ulipokimbia Burundi, jina lake likakataa kuja. Irakoze mwenyewe ndiye aliyeliandika. Vidole vilifanya kazi, kichwa hakikusumbuliwa.

“Shangazi, si ulikuwepo? Ulisikia yote.”

“Nilisikia, baba. Ila ulisema umeyatunza mara mbili. Sasa mimi ningeyabeba ya nini?”

Mtoto yule aliyeachwa, sasa mama mtu mzima, huenda yuko hai, kwenye kilima fulani, anapalilia maharage yake. Hakuna tena awezaye kumuulizia kwa jina.