Ukuta Usiopakwa Vanishi

Stumai wa kijiji cha Kitanga, ambaye watu wote humwita Mama Recho, alikuwa na kiburi kimoja tu maishani: kuta zake. Wenzake wakishasiriba nyumba huona yametosha. Yeye huongeza udongo mweupe, mwekundu na masizi, kisha huchora kwa vidole mpaka mpita njia asahau aendako.

Ndiyo maana William, injinia aliyehamishiwa Kasulu kutoka Tanga, alimfuata. Mji ulikuwa unajenga bustani ya kupumzikia karibu na stendi, na William hakutaka pambo la kuning'iniza baadaye kama kalenda. Ukuta wenyewe aliupindisha kuuzunguka mkuyu wa zamani, mabenchi yakatokeza humo humo ukutani. Mistari ya Mama Recho ilitakiwa ianzie kwenye mizizi, ipite migongoni mwa waliokaa, iishie kwenye mfereji wa maji ya mvua.

Alifanya kazi na binti yake Recho, aliyeolewa Kibondo. Recho alikuwa na mimba ya kwanza, kupanda ngazi hawezi, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la mwisho, chini ya kivuli, akachora sehemu ya hapo.

Kazi ilipokwisha, William akaleta ndoo ya vanishi.

"Mama, tukipaka hii, mvua haitaugusa miaka mingi."

Mama Recho akacheka. "We injinia, kwetu ukuta usiosiribwa upya ni wa nyumba isiyo na mwanamke. Unataka waseme nimekufa? Rudisha ndoo yako. Kila kiangazi tutakuja, mimi na mwanangu."

Recho naye alicheka. Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Hawakusema kwamba mjukuu mwenyewe anaweza asifike. Masika hayo Recho alifia uzazini, yeye na mtoto. Mvua ilikuwa imekata barabara, na Mama Recho alipofika Kibondo alikuta kaburi limeshafukiwa, mkwewe Dionis ameketi kando na koleo lake. Yeye mama hakuwahi kumtupia mwanawe hata konzi moja ya udongo. Hilo lilimuuma kuliko kifo chenyewe, na aliwaambia majirani waziwazi.

Kiangazi alirudi Kasulu peke yake. Mvua ilikuwa imeutafuna ukuta vibaya. Alisiriba na kuchora upya kipande baada ya kipande, lakini nyuma ya benchi la mwisho hakugusa. Pale mistari ya Recho ilikuwa bado inaonekana, alama za vidole vyake vyembamba. Jioni Mama Recho alipenda kuweka vidole vyake humo. Havikuenea, na kila akivitoa, chembe za udongo zilimfuata.

Siku moja, kiangazi kikielekea mwisho, alimwita William.

"Injinia, ile ndoo bado ipo?"

William alikwisha kusikia habari za msiba. Alileta vanishi akajaribu pembeni kidogo. Brashi ikanyanyuka na udongo.

"Udongo umeshaachia, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Siku ile ningekukatalia tu."

"Ungenikataliaje? Mimi ndiye niliyekucheka."

Upande wa milimani wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi. Mama Recho alilitazama, akautazama ukuta. Mvua ingeuchukua mchoro ule na kuupeleka mferejini pamoja na maganda ya ndizi. Akamimina maji kwenye udongo, akaukanda, akapiga magoti.

"Mwana wanje, mwanangu," alisema.

Akachota konzi ya kwanza, akafukia mstari wa juu. Akafuata wa pili, bila haraka, mpaka vidole vyote vya Recho vikazama. Abiria waliokuwa wakisubiri basi la Kibondo walishangaa kumwona mama mtu mzima akisiriba ukuta huku akilia kilio cha makaburini. William alivua kofia.

Alipomaliza alinawa mikono mferejini. Palipobaki laini pale nyuma ya benchi hakuchora kitu, wala kiangazi kilichofuata hakurudi.