Kodi Mbili Katika Banda la Nyaga

Mimi mpira siujui. Niulize kuotea ni nini, nitakuambia ni kile kitu kinachofanya wanaume wazima washike vichwa na kumtukana mtu aliye Uingereza ambaye hawasikii. Lakini Nyaga namjua. Nimeuza chai na mandazi mlangoni mwa banda lake hapa Nchiru tangu alipopigilia bati la kwanza, na mtu ukimuuzia chai muda wote huo unamjua hadi anavyonyamaza.

Na kunyamaza ndiyo kazi yake. Nyaga ni Mwembu wa Kibugu, kule juu mashamba ya chai yanakopakana na msitu wa mlima. Ujanani alikuwa kipa wa timu ya kiwanda cha chai. Kuna penalti moja aliyoizuia siku hizo, na hiyo ndiyo hadithi pekee anayoisimulia bila kuombwa. Mambo mengine utayatoa kwake kama unavyotoa mwiba.

Banda lenyewe ni mabati, nguzo, benchi za mbao na skrini moja kubwa anayoifunika kwa shuka kama mtoto mgonjwa. Wanafunzi wa chuo hujaa humo Jumamosi na Jumapili kutazama ligi. Ploti ni ya Mzee Salesio, na hosteli iliyo nyuma, wanakoishi nusu ya hao wanafunzi, pia ni yake. Salesio ni mzee wa kanisa, mkulima, mtu wa maneno machache vilevile. Akikusalimia mara mbili kwa siku moja, unaanza kujiuliza umekosea wapi.

Sasa mwaka wa uchaguzi ukafika. Nyaga akatangaza sheria: ndani ya banda hakuna kutaja jina la mgombea urais, hata mmoja. Atakayetaja atatoka nje mpaka hafutaimu. Vijana wakamcheka, wakasema huyu Mwembu anaogopa kivuli. Hawakujua alikotoka. Kabla ya Nchiru alikuwa na banda lingine Embu mjini, na uchaguzi mmoja ulilimaliza. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyevunja kitu. Benchi moja iliacha tu kusalimia benchi nyingine. Kisha hawa wakahamia kwingine, hawa wakabaki nyumbani, na mpaka rais anaapishwa, Nyaga alikuwa anatazama mechi na mbu. Aliona yote yakija na hakusema neno. Akauza skrini. Aliniambia hayo siku moja tu, mvua ikinyesha, na hajayarudia.

Lakini kumzuia mwanafunzi wa chuo kuongea siasa ni kama kuzuia maziwa yasichemke. Majina wakaacha, ndiyo, sheria ni sheria. Mgombea mmoja wakambatiza Straika, mwingine Kipa, na mjadala ukaendelea pale pale. Straika ndiye aliyekuwa akiahidi kupunguza kodi, ya mafuta, ya unga, ya kila kitu. Kipa alisema kodi haishuki, ila atailinda isiibwe, ijenge hospitali na iwakopeshe wanafunzi karo.

Upande wa Straika ulikuwa na Mutuma, kijana wa uchumi, mrefu, shabiki wa Arsenal, mwenye sauti ya mtu anayeuza ng'ombe sokoni. Upande wa Kipa ulikuwa na Maxine, msichana wa Kaaga anayesomea uuguzi, shabiki wa Chelsea. Huyo hapandishi sauti hata kidogo, na ndiyo maana alimkera Mutuma kuliko wote. Msimu haukuwa umeanza, ni mechi za kirafiki tu, hivyo muda wa kubishana ulikuwa mwingi. Maxine alisema kodi ni tiketi ya uwanjani. Ukishusha tiketi, mchezaji utamnunua na nini? Mutuma akajibu kwamba tiketi ikiwa ghali uwanja unabaki mtupu, na huyo mchezaji atachezea viti. Maxine akauliza, tiketi ikishuka, nani amekuambia mwenye kuuza soda pale ndani atashusha soda? Banda zima likacheka, wakaagiza chai. Mimi nikawa nawaombea wasikubaliane kamwe.

Jumamosi moja upande wa Mutuma ukawa mwingi, wakaanza kuimba huku wakipiga benchi: "Kodi ishuke! Kodi ishuke!" Nyaga akawatazama, lakini jina hakuna aliyetaja, kwa hiyo atamtoa nani nje? Wakaimba mpaka mabati yakalia.

Kesho yake, baada ya ibada, Mzee Salesio akaja bandani akiwa bado na Biblia mkononi. Alimwambia Nyaga kwamba mwezi ukiisha aondoe mabati yake. Hakusema sababu. Nyaga naye, Mungu wangu, hakuuliza. Aliitikia tu, "Sawa, Mzee," akarudi kupangusa skrini ambayo haikuwa na vumbi. Nilipomuuliza vipi, akaniambia maneno matatu: "Mwezi ukiisha, nang'oa." Ukiondoa mabati Nchiru, utayapeleka wapi? Alikuwa ameshaanza upya mara moja, na mtu hana kuanza upya kwingi mwilini.

Sababu niliipata Jumatatu. Maziwa yangu huyanunua kwa Nelius, mke wa Salesio, na Nelius si kama mumewe, huyo akikupimia maziwa anakupimia na habari. Akaniambia mzee halali. Eti alipita karibu na banda akitoka mazoezi ya kwaya, akasikia wapangaji wake wakila kiapo na kugonga mbao kwamba kodi ya nyumba ishuke, na Nyaga ndiye amewakusanya.

Nilicheka mpaka maziwa yakamwagika. Kisha nikakasirika, maana hapo ndipo Kiswahili kilikuwa kimetuchezea. Kodi ni ile serikali inayokukata. Kodi pia ni ile unayompa mwenye nyumba. Kwa Kimeru chetu vitu hivyo viwili havilali kitanda kimoja, na Nyaga anasema hata kwa Kiembu ni hivyo hivyo. Lakini vijana wanatoka kila pembe ya nchi, wanaimba kwa Kiswahili, na mzee wa watu amesikia alichokuwa anakiogopa.

Nikakimbia kwa Nyaga. Nikamwambia nenda sasa hivi umweleze, ni neno moja tu. Nyaga akatikisa kichwa. Alisema mzee ameshatamka, na mtu anayefukuzwa akienda kueleza huonekana anajitengenezea uongo. Nikamwambia asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Akasema yeye si mwanafunzi. Basi nikamwita jiwe la Kibugu, nikaondoka, na siku nzima sikumpelekea chai. Nilikuwa na hasira naye, lakini zaidi nilikuwa na huruma, na hivyo viwili vikikaa pamoja kifuani mtu hulala vibaya.

Jumamosi ikafika, ligi ikifunguliwa na kura ikiwa Jumanne ijayo. Banda lilijaa hadi watu wakasimama. Mpira haujaenda mbali nikamwona Mzee Salesio akija kwa njia ya hosteli, polepole, kofia mkononi. Alikuwa amekuja kujisikilizia mwenyewe. Na kana kwamba shetani ndiye kocha, muda huo huo Mutuma akaanzisha ule wimbo wake. Kodi ishuke. Benchi zikalia. Mzee akasimama mlangoni, karibu na birika langu, uso umefunga.

Nyaga akamwona. Mimi nilimtazama Nyaga na nilijua atafanya nini: atanyamaza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wangu kuingilia, kwani ulimi wangu hauna breki, ndipo nikamwona akichukua rimoti na kuzima sauti. Katikati ya mechi. Watu walilia kama wamefiwa. Yeye akainua mkono, wakatulia kwa mshangao tu.

"Mzee," alisema, "hiyo kodi wanaimba si ya nyumba yako. Ni ya serikali. Ni siasa, na mimi ndiye nimeiacha iingie." "Banda yangu ya kwanza ilikufa kwa sababu niliona jambo nikanyamaza. Hii ukiifunga, ufunge ukijua ukweli."

Sijawahi kumsikia akitoa maneno mengi hivyo kwa mkupuo, penalti ikiwa kando. Mzee Salesio aliwatazama vijana mmoja mmoja, na wao, walipofahamu kwamba wimbo wao ndio uliotaka kuangusha banda, wakawa wadogo kwenye benchi. Mutuma alitafuta pa kuweka mikono yake.

"Ya serikali?" mzee akauliza.

Mutuma akajibu kwa sauti ambayo sikujua anayo kwamba ndiyo, ya mafuta na unga.

"Hiyo hata mimi nataka ishuke," Salesio akasema. "Nyinyi mnanilipa kodi ya nyumba, halafu serikali inakata kodi yake kwa hiyo kodi. Kodi ya kodi. Mnajua hiyo?"

Ee, kicheko kilichotoka humo ndani kiliwatoa kuku wa jirani uani. Upande wa Straika ukamshangilia, Mutuma akasogea kumpa nafasi kwenye benchi, na mzee wa kanisa akaketi katikati ya majezi mekundu. Nyaga akanyoosha mkono arudishe sauti. Nilidhani yameisha.

Ni Maxine aliyesimama. Alimwomba radhi mzee kwanza, kwa adabu zote za Kaaga, kisha akauliza swali lake taratibu.

"Na serikali ikikupunguzia kodi yake, Mzee, wewe utatupunguzia yetu?"

Hilo ndilo swali walilokuwa wakirushiana tangu Juni kwa tiketi na soda, na sasa mtu wa kulijibu alikuwa ameketi nao, ana jina, ana hosteli, na maji yake ya mfereji wanayajua yanakatika lini. Hata Mutuma alimgeukia mzee kusubiri. Nilimwonea Nyaga huruma. Mtu ameokoa nyumba isiungue, na mgeni anawasha kiberiti tena.

Salesio alizungusha kofia yake mikononi. "Nipe mpaka hafutaimu," alisema.

Wakampa. Nadhani ile ndiyo nusu ya mechi iliyotazamwa kidogo kuliko zote katika historia ya Nchiru. Macho yalikuwa kwenye skrini lakini masikio yalikuwa kwa mzee. Bao likafungwa, wakashangilia kwa adabu, kama watu wa matanga. Mzee hakushangilia. Alikuwa anafikiri, na alifikiri kwelikweli, kwa sababu nilimpelekea chai na hakuiona.

Refa alipopuliza filimbi ya mapumziko, Salesio akasimama. Alimtafuta Maxine kwa macho mpaka akampata.

"Msichana, kupunguza siahidi," alisema. "Mimi si mgombea. Nikiwadanganya mtanipata hapa kesho asubuhi nikikamua ng'ombe." Hakuna aliyecheka, maana alikuwa hajamaliza. "Lakini kuongeza, sitaongeza. Awe ameshinda huyu ama yule. Mpaka wakati wa kupiga kura tena."

Wacha hao watu wapige kelele. Wa Straika waliwakumbatia wa Kipa, kisha wakakumbuka na kuachana. Mutuma akasema hiyo inaonyesha Straika yuko sahihi, mzigo ukipungua mtu anakuwa mwema. Maxine akasema mzigo haujapungua popote, mzee ameamua akiwa nao mgongoni, na kwamba kuna ahadi za watu walio karibu na ahadi za watu walio mbali. Wakaanza tena. Lakini walibishana wakipokezana sahani moja ya mandazi, na nilipoona hivyo nikajua benchi hizi hazitaachana Jumanne wala baada ya Jumanne. Nilifurahi hadi nikampa mtu chenji ya ziada.

Katika kelele hizo zote mtu mmoja alikuwa hajapata jibu lake. Nyaga alitoka pale penye nyaya zake akaja mbele ya mzee. Timu zilikuwa zinarudi uwanjani.

"Na banda, Mzee?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi nilishika birika kwa mikono miwili.

Salesio alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu. "Utang'oaje mabati na mechi haijaisha?" akasema. "Kaa chini, Nyaga."

Hakukaa. Alisimama hapo hapo, mwanamume wa Kibugu, machozi yakimtoka mbele ya wateja wake, akijaribu kusema asante na kukosa pa kuanzia. Mpira ukaanza nyuma yake. Alikuwa ameziba skrini yote, na hakujua.

"Toka hapo Nyaga, hatuoni!"

Ni banda zima lililosema hivyo, wa Straika na wa Kipa kwa mdomo mmoja, na mzee wa kanisa pamoja nao. Nyaga akacheka huku akijifuta uso kwa mkono wa shati. Akasogea, akaketi kando ya Mzee Salesio, na Mutuma akamweleza mzee nani alikuwa anashambulia upande gani.