Kuku Bila Jogoo

Baba mkwe wangu alikuwa amekula nyumbani kwetu mara moja tu, mwaka tuliooana. Tulimchinjia mbuzi mnene kiasi kwamba majirani walidhani ni fahali. Tukampa ugali wa wimbi. Tukamletea mursik, maziwa yetu yanayolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti mpaka yanapata rangi ya wingu la mvua. Alikunywa kikombe kizima, akashukuru. Mama yangu, kwa furaha, akamwongezea kingine. Tulipomsindikiza barabarani tulijua tumemkaribisha kama gavana.

Alipofika kwao, upande wa Magharibi, aliwaambia ndugu zake kwamba binti yake ameolewa na watu wazuri sana, shida yao ni moja, hawajui mgeni. Walimpa maziwa kama mtoto anayeota meno, na kuku hakuonekana, hata unyoya.

Kwao, ukitembelewa na mtu wa maana, ni lazima kuku ateremke kutoka mtini. Kumkosesha baba wa mke wako kuku ni kumwambia hujui amekuja kufanya nini. Sisi hatukujua. Naye, kwa heshima zake, hakugombana na mtu. Ila hakurudi. Kila mke wangu alipompigia simu amwombe aje, jibu lilikuwa lile lile, kwa sauti ya upole: "Nitakuja, mama, mkifuga kuku." Na asinunuliwe sokoni. Awe kuku wa boma, aliyedonoa makombo ya mlango wa binti yake.

Ni vigumu kumweleza mtu asiye wa huku jinsi tulivyokuwa tukimtazama kuku. Ng'ombe wetu wana majina, na wengine wana majina mazuri kuliko yangu. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa na kuku kadhaa nyuma ya jikoni, lakini ungemuuliza baba ana mifugo gani angetaja ng'ombe, kondoo, mbuzi, punda, na akishikwa na ukarimu angemtaja mbwa. Kuku walikuwa kama moshi: ulijua wapo, ni mambo ya jikoni. Zamani wazee wengine hawakumla kabisa. Siku hizi tunamla wote, tena tunagombania paja, lakini kumla ni jambo moja na mwanamume kuonekana amembeba kwapani ni jingine.

Kwa hiyo miaka ilipita, na mke wangu akawa mtu asiyetembelewa. Hakulalamika. Ila kanisani, akina mama wenzake wakisimama kutoa shukrani kwamba baba amekuja, amelala, amewabariki watoto, yeye alikuwa akishughulika na kamba ya kiatu. Kisha kwenye simu mzee akaanza kukohoa. Mke wangu akikata simu anabaki ameishika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo hili lina mwisho wake, na mwisho huo haungojei sisi tuwe tayari.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni pale Roret. Mchana nachuma chai, jioni nakaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa usawa wa masikio, nasoma. Nilifaulu. Biolojia nilifaulu vizuri hata mwalimu akanitazama mara mbili. Mtu aliyefaulu ukubwani ni mtu hatari, maana anaamini hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda tena. Nikamwambia mke wangu, "Mama watoto, kuku ni kitu gani? Nitafuga mimi."

Tukanunua vifaranga vya kienyeji kwa mama mmoja wa sokoni. Nikawajengea banda la mbao za pembeni na mabati niliyobakiza, nikaliinua kutoka ardhini, nikalizungushia wavu. Baridi yetu ya huku juu, karibu na msitu, si ya mchezo. Kuna asubuhi ukungu unaweza kuukata kwa panga ukapanga vipande kama matofali. Mke wangu akanionyesha kuweka jiko la makaa ndani ya debe lenye matundu, vifaranga walizunguke kama wazee kwenye mkutano. Wakijikusanya juu ya jiko wana baridi, wakikimbilia pembeni wanaungua, wakitawanyika wanakula wako sawa. Niliwachungulia mara nyingi kuliko nilivyowahi kumchungulia mtoto wangu yeyote, na watoto wenyewe walinikumbusha hilo.

Pale kwenye banda la kupimia majani ya chai, habari zilinitangulia.

"Huyu msomi wetu," jirani mmoja akasema, akiwa amekalia gunia lake, "nasikia ameanza kukamua kuku."

"Wacha akamue," mwingine akajibu. "Maziwa yake si yatatosha kijiko?"

"Bwana, utanunua lini sketi? Maana suruali naona huihitaji tena."

Nilicheka nao. Ungefanya nini? Lakini nilipofika nyumbani niliwatazama wale ndege wakikimbilia miguu yangu, nikajiuliza ni nani alitufundisha kuona aibu ya kiumbe anayekuamini namna hiyo.

Walikua. Wakaanza kutoka, wakagundua mashamba ya chai. Nakwambia, hakuna mahali kuku anaweza kujificha kama chini ya michai. Juu ni meza moja ya kijani, huoni kitu. Chini ni giza, majani makavu na ardhi laini. Nilikuwa nachuma, nasikia kitu kinanung'unika miguuni kama shangazi aliyeamshwa. Ukiinama unakuta yai. Nilitoka shambani na majani mgongoni na mayai kofiani.

Wakati huo ndipo mamake mke wangu alipoteleza akaumia mguu, na mke wangu akasafiri kwao kumwuguza. Akaniachia watoto, ng'ombe na kuku. Akasema, "Usibadilishe kitu. Fanya tu vile tulikuwa tukifanya."

Sasa, kati ya wale kuku, nusu walikuwa majogoo, na majogoo walikuwa wamebalehe. Walipigana tangu alfajiri. Walikula kama wafungwa waliotoroka. Walisumbua mitetea hata mitetea wakawa wanalala juu ya paa la choo. Na hawakutaga. Mimi ni mtu wa ng'ombe wa maziwa, na kwa mtu wa ng'ombe wa maziwa jambo hili halihitaji kikao. Ndama dume akizaliwa unamwondoa mapema, maziwa yasiishie kwake. Miaka mingi hakuna fahali aliyekanyaga boma letu, na ndama hatujawahi kukosa. Unapiga simu, daktari wa mbegu anakuja na pikipiki na mtungi wake wa mbegu za fahali, na baada ya dakika chache anakunywa chai anaenda.

Mchuuzi wa kuku wa Ndanai alipopita, nikamuuzia majogoo wote. Wote, mpaka yule mwekundu mwenye mkia kama upinde wa mvua, ambaye sauti yake ilikuwa ikisikika Kimulot. Boma likatulia. Mitetea wakashuka kutoka kwenye paa. Nikajipongeza. Mtetea mmoja akaanza kuatamia, nami nikamwekea mayai mengi kadiri alivyoweza kufunika, nikamtengea kona yake yenye nyasi kavu, nikaanza kuwahesabu vifaranga kichwani kama mfugaji anayehesabu ndama wangali tumboni.

Mke wangu alirudi anang'aa. Kabla hata ya kushusha mzigo akasema, "Baba amekubali. Nimemwambia tuna kuku, tuna jogoo mwekundu mkubwa. Amesema Krismasi anakuja kumla."

Nikampokea mzigo, nikauweka chini. Yeye akatazama huku na huku uani.

"Kwani majogoo wako wapi?"

"Nimeuza madume," nikasema. "Walikuwa wanakula bure."

"Umeuza wangapi?"

"Si wote tu."

"Na huyu anayeatamia," akauliza polepole, "mayai yake uliyatoa wapi?"

"Ni ya hawa hawa. Ya mwezi mzima baada ya madume kutoka. Mazuri sana, makubwa."

Akakaa juu ya mzigo wake. Afadhali angenipigia kelele. Alinitazama tu, na nilianza kusikia Biolojia yangu yote ikirudi kichwani, ukurasa kwa ukurasa, imechelewa. Nilijua habari za chavua. Nilijua habari za chura. Niliweza kukuchorea mfumo wa uzazi wa sungura nikiwa nimefumba macho. Lakini kuku kwangu alikuwa ni ng'ombe mdogo mwenye manyoya, na yai nililiona kama maziwa: kitu ambacho jike anatoa ukimlisha vizuri.

Jioni nikamshauri tununue jogoo mwekundu mwingine. "Nani atajua? Tutamfuga mpaka Krismasi, atakuwa amezoea."

"Mimi nitajua," akasema. "Baba atanyoosha mkono kwenye sahani, ataniuliza, 'Mama, huyu ulimlea?' Nitamwambia nini?"

Nimewaza baadaye kwamba mzee yule hakuwa na njaa ya kuku. Alitaka kuona kama mahali binti yake anaishi pamempa nafasi ya kuwa yeye, hata kwa upana wa kiota. Kitu kama hicho hakinunuliki Ndanai.

Kesho yake mke wangu akampigia babake simu, akaiweka kwenye spika, mimi nimesimama pale kama mshtakiwa.

"Baba, jogoo hayuko. Mume wangu aliuza majogoo wote."

"Wote? Sasa hao mitetea wanaishi na nani?"

"Peke yao. Na mmoja ameatamia mayai, Baba. Ni huyu mume wangu amemwekea."

Nikasikia ng'ombe akilia upande wa pili.

"Hebu nielewe, mama. Alidhani vifaranga watatoka wapi?"

"Kwao hawana fahali, Baba. Daktari wa mbegu huja na pikipiki."

Mzee akaanza na kikohozi, nikadhani tumemuua. Kumbe ni kicheko kilikuwa kikitafuta mlango. Alicheka mpaka akaishiwa, akamwita mkewe, akamsimulia, mama mkwe akacheka na mguu wake mbovu, majirani wakaitwa, na nadhani siku hiyo upande wote wa Magharibi haukulima. Mke wangu aliziba mdomo kwa kanga, lakini mabega yalikuwa yakimsaliti. Mwishowe mzee akasema, akihema, "Mama, siwezi kufa kabla sijamwona huyu mtu. Mwambie nakuja wiki ijayo."

Na akaja. Alishuka barabarani amekonda kuliko nilivyomkumbuka, fimbo mkono mmoja, na kwapani jogoo mweusi amefungwa miguu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba, mkwe. Nimekuletea daktari," akanikabidhi jogoo. "Huyu haji na pikipiki, ila hadai chai."

Nilimbeba kwapani tukapita mbele ya banda la majani, watu wote wakitazama, nami sikuharakisha.

Mzee alizunguka uani polepole akitazama mitetea, akanyoosha fimbo kwa mmoja mweupe. "Huyu. Amelelewa hapa?"

"Hapa hapa, Baba," mke wangu akasema. "Tangu alipokuwa kama ngumi."

Nilimchinja mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani, mzee akinielekeza namna ya kushika mabawa. Mke wangu akampika kwa saa nyingi, hataki mtu jikoni. Akaleta, akamwekea babake firigisi juu kabisa ya sahani, akapiga goti, akainuka, akabaki amesimama karibu na mlango mikono imeshikana.

Mzee akala firigisi kwanza, akitafuna taratibu. Akachukua kipande cha kifua, akachovya ugali kwenye mchuzi, akaonja. Akainua macho.

"Mama," akasema, "mkono wako wa chumvi uliuacha kwetu? Lete chumvi."

Mara ile ya kwanza alikuwa mgeni, alishukuru kila kitu, hakuomba hata chumvi. Mke wangu alikimbilia jikoni, nikamsikia huko akiangusha vikombe na vifuniko, akitafuta chumvi iliyokuwa mbele yake huku anaimba.