Kaseti ya Nyanya Niliyoifuta

Nilirekodi upuuzi wangu juu ya sauti ya nyanya. Naanza na hilo, mwanangu wa kidato cha kwanza, kabla hujalisikia kwa watu wengine. Mimi mzee wako wa kidato cha nne, mwenye miaka kumi na saba, bado naikumbuka Jumapili ile, hata harufu ya githeri, mahindi na maharagwe yaliyokuwa jikoni.

Dada yangu Mwende alikuwa anasomea ngoma na muziki wa Kiafrika chuo kikuu, huko mjini. Ndiyo, kuna digrii ya hiyo. Mimi nilimwita Profesa Mabega. Mama naye, akiulizwa kanisani hapa Waithaka binti yake anasomea nini, alijibu "mambo ya sanaa", halafu akauliza bei ya mahindi.

Mwende alikuwa amesafiri hadi Machakos kumrekodi nyanya, mamake mama, akiimba wimbo wa kilumi, ngoma ya akina mama wa kwetu, ile watu wa kanisa huisema vibaya. Jumatatu asubuhi walimu wake wangeusikiliza, yeye awaeleze mkono unapiga vipi na mguu unajibu vipi. Bila wimbo hakuna mtihani. Angerudia mwaka.

Basi Jumapili, tukitoka kanisani, akatia kaseti kwenye redio, akabonyeza. Ikatoka sauti yangu ikimwiga naibu wa mwalimu mkuu: "Wewe! Chomekea shati!" Hivyo hivyo hadi mwisho.

"Nilidhani ni tupu," nikasema.

"Tupu ni kichwa yako!" Mwende akaketi sakafuni, akalia. Nilitafuta mzaha, mwanangu, nikakosa.

Mama alitoka jikoni na mtungi wa plastiki usio na maji. Akafunga dirisha la upande wa jirani yetu wa kwaya, akaketi, akaubana mtungi kwa magoti.

"Bonyeza ya kurekodi," akamwambia Mwende.

Akapiga. Akauimba wimbo wote, mabega yakienda yenyewe. Mwende aliacha kulia, akawa anahesabu mapigo kwa kidole.

Jumatatu Mwende alipita mtihani. Kwa hivyo sikia: kaseti ukiikuta mezani, uliza ni ya nani. Na kabla hujamcheka mtu kwa anachosomea, uliza nyumbani kwenu nani anakijua. Mungu akubariki, akupe na dada anayesamehe haraka kuliko wangu.

Mimi nilimwuliza mama mbona hakuwahi kutuambia anaujua.

"Kuna mtu aliniuliza?" akasema. "Haya, beba huo mtungi ukajaze maji."