Jumbo Zikiwa Bado Zinaruka

Kuna siku moja ya Februari ambayo haijawahi kunitoka akilini, mwanangu, na leo nitakusimulia, kwa sababu tangu ufike hapa kwangu Bahati jana hujamaliza hata kikombe kimoja cha chai. Nimekuona. Unadhani anti yako amezeeka hadi haoni? Umechokorachokora chakula, ukatoka nje ukajifanya unaangalia ng'ombe, wewe ambaye hujawahi kukamua hata mbuzi. Haya, weka hiyo simu chini, uketi.

Umeniambia shida yako na nimeielewa. Kampuni yenu ya ndege ina jumbo zilizozeeka, zile kubwa za injini nne, na Alhamisi wakubwa wanataka usimame mbele yao useme: zifanyiwe ukaguzi mwingine mkubwa ziendelee kuruka, ama ziondolewe zinunuliwe nyingine? Na jibu unalijua, Muriithi. Umelijua kitambo. Kinachokunyima usingizi ni kwamba kitengo chako chote kinaishi kwa hizo jumbo. Zikienda, kiti chako kinaenda nazo, na mkeo naye anatarajia mtoto. Si ni hivyo? Usiangalie chini. Mimi nilikuwa fundi wa ndege kabla mama yako hajakuzaa, na swali hilo nililisikia likiulizwa mbele yangu.

Siku hiyo, basi. Nilikuwa bado msichana, Njeri wa Kabazi, nimetoka kusomea ufundi na kichwa kimenivimba kweli kweli. Kampuni yetu ilikuwa ya mizigo, na mizigo yenyewe hasa ilikuwa maua. Nyanya yako, Mungu amlaze pema, alikuwa akifunga maua ya waridi kwenye shamba moja kule Subukia. Anayafunga, yanapakiwa kwenye lori la baridi, yanapita Nakuru hadi Nairobi, na huko uwanjani mimi binti yake ndiye ninayeitayarisha ndege ya kuyapeleka Ulaya. Jambo hilo alijivunia mpaka kanisani. Kabazi nzima ilijua kwamba ua likitoka mkononi mwa mama linaenda kwa mtoto wake. Wengine walidhani mimi ndiye rubani, na mama wala hakujisumbua kuwasahihisha.

Tulikuwa na jumbo mbili. Ya kwanza tuliiita Shosho, yaani nyanya, na ya pili, ambayo kampuni iliinunua baadaye, tukaiita Mdogo Wake. Zote zilikuwa za zamani lakini zimetunzwa. Na hapo nikutoe makosa mapema, maana nyinyi vijana mkiona kitu kimezeeka mnataka kukitupa. Ndege haiwi mbaya kwa sababu ya miaka peke yake. Ikishikwa na watu wenye dhamiri itaruka vizuri muda mrefu sana. Shida yetu ilikuwa spea. Zilikuwa zimeanza kuadimika. Unaagiza kitu, unangoja hadi unasahau uliagiza nini. Kwa hivyo Mdogo Wake alipoegeshwa pembeni kungoja ukaguzi wake mkubwa, tukaanza kumwazima. Leo tunaazima valvu, kesho skrini, wiki ijayo breki. Tunatoa kwake, tunafunga kwa Shosho, Shosho anaruka.

Na hodari wa kazi hiyo nilikuwa mimi. Waliniita Daktari, nami nikaitika. Ningekataaje? Nilikuwa msichana peke yangu katika karakana nzima, na miezi michache kabla yake hao hao walikuwa wananituma nikawaletee chai.

Siku hiyo ya Februari maua yalikuwa mengi kupita kawaida, kwa sababu ya ile sikukuu ya wapendanao. Shosho alikuwa amejazwa hadi mlangoni. Mara pampu moja ikakataa kufanya kazi, ile inayosukuma mafuta ya kukunja na kushusha magurudumu. Stoo hakuna nyingine. Meneja anatembea huku na huku ameshika kichwa. Na mimi najua kwamba ndani ya yale maboksi kuna maua ya mama yangu, na yakilala hapo yatatupwa, na yakitupwa mara nyingi, shamba litaanza kupunguza watu. Nikachukua vijana wawili tukaenda kwa Mdogo Wake, tukafungua pampu yake, tukaileta, tukaifunga, ikajaribiwa, ikakaguliwa, ikapitishwa. Jua halijatua, Shosho akaondoka. Tena kwa wakati!

Haki, ungewaona watu. Walipiga makofi. Wapakizi walicheza, meneja akanunua kreti nzima ya soda, mtu akaniinua juu nikiwa na ovaroli yangu ya grisi. "Daktari! Daktari!" Mtu mmoja tu hakucheza. Huyo alikuwa Mzee Kirui, injinia wetu mkuu, mtu wa Njoro, mpole, anavaa koti la kijivu hata jua likiwaka. Alikunywa soda yake, akanipa mkono, akaenda zake.

Kesho yake asubuhi akaniambia, "Njeri, njoo tutembee kidogo." Akanipeleka kwa Mdogo Wake. Tukapanda, tukaingia chumba cha rubani. Mwanangu, mbele ya viti kulikuwa na matundu matupu, na nyaya zimefungwa ncha kwa utepe. Nilikuwa nimeingia pale mara nyingi, lakini kila mara nilikuwa naangalia kile kitu kimoja nilichokifuata. Sikuwa nimewahi kusimama nikaangalia kilichobaki.

"Hii nayo nani atairusha?" akaniuliza.

"Tutarudisha, mzee. Tumeazima tu."

"Mmeshawahi kurudisha nini?"

Hatukuwa tumerudisha hata skrubu.

"Jana ulifanya kazi nzuri," akasema, "na nakushukuru, sitaki ufikirie vingine. Lakini ndege kuondoka kwa wakati ni kazi ya kila siku. Ukiona watu wazima wanacheza densi kwa sababu ndege imeondoka kwa wakati, jua hiyo kampuni imeshaanza kuchelewa."

Unafikiri nilishukuru? Wapi! Nilinuna. Nikajiambia huyu mzee ananionea wivu, yeye hajawahi kuinuliwa na mtu. Ndivyo ujana ulivyo, mtu anakupa dhahabu nawe unaona amekutupia jiwe.

Wiki hiyo hiyo wakubwa wakaitisha mkutano, na sisi mafundi tukaruhusiwa kukaa nyuma. Nao wakubwa walikuwa na sababu zao, siwacheki. Jumbo zilikuwa zimelipiwa zikaisha, ilhali ndege mpya zingekuja na deni. Jumbo zilibeba mzigo ambao ndege ya injini mbili isingeweza kuubeba wote. Na Shosho hakuwa amewaaibisha hata siku moja. Mmoja wao akauliza, "Mzee Kirui, wewe ndiye unayezijua. Hizi ndege zina makosa gani leo?"

"Leo hazina," akajibu. "Ndiyo maana nasema leo. Leo mnunuzi akija atanunua ndege. Tukingoja, atanunua vyuma. Leo tuna nafasi ya kuwafunza hawa vijana ndege mpya bila haraka. Tukingoja, hizi zitasimama zenyewe, na zikisimama hakutakuwa na nafasi ya kumfunza mtu. Kila mtu atarudi kwao na ovaroli mkononi."

Yule mkubwa akamwangalia, akasema, "Na wewe je? Si leseni yako ni ya jumbo peke yake? Kukufunza upya na umri huo haiwezekani."

"Najua," akasema Mzee Kirui. "Mimi nitaondoka nazo."

Mimi badala ya kumwonea huruma nikapandwa na hasira. Nilimngoja nje, nikamrukia kwa maneno. Nikamwambia umetuuza, mzee! Wewe umeshakula maisha yako, sasa sisi unatutupa barabarani? Na mama yangu je, maua yake yatabebwa na nani? Nilipiga kelele hadi walinzi wakageuka.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Sijamaliza!"

"Basi maliza. Nitangoja."

Nikaendelea mpaka maneno yakaniishia. Hapo ndipo akaniambia kwamba sisi tulipotoka alibaki akawapa wakubwa sharti moja tu, nao wakalikubali: jumbo ya mwisho haitoki hapo kabla mafundi hawajafunzwa zile mpya. Wakamuuliza aanze na nani.

"Nikawatajia wewe," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. "Mimi? Na vile nimekutukana?"

"Nilikutaja kabla hujanitukana." Akacheka. "Na hata sasa sibadilishi. Mtu anayepigania ndege hivi ndiye ninayetaka akae karibu na ile mpya."

Mwanangu, nilienda kusoma. Nikarudi, wakaenda wengine, wakarudi, wakaenda wengine tena. Mdogo Wake aliuzwa vipande vipande, kwa sababu kwake tulikuwa tumechelewa. Lakini Shosho aliruka vizuri hadi mwisho, akapata mnunuzi akiwa mzima, akaondoka pale kwa nguvu zake mwenyewe. Hakuna fundi aliyefutwa. Ndege mpya zilibeba kidogo kwa safari, lakini zilikwenda mara nyingi zaidi, na mama yako na mimi tulisomeshana, tukajenga, nyanya yako akafunga maua mpaka mikono yake ikachoka, akaacha kwa uzee na si kwa kufukuzwa kazi. Kulikuwa na kampuni nyingine pale pale uwanjani, sitaitaja, iliyosema itangoja mwaka mmoja tu. Ikasema hivyo tena, na tena. Nilisoma na msichana mmoja aliyekuwa fundi huko. Alifika kazini Jumatatu moja akakuta lango limefungwa kwa mnyororo.

Mzee Kirui alistaafu akarudi Njoro, akapanda viazi na kufuga kondoo. Mimi nilikaa muda mrefu bila kwenda kumwona, kwa aibu. Kisha nikajikaza. Nikanunua sukari, majani chai, unga, mafuta ya kupikia na blanketi nzito, nikaenda. Alinitambua nikiwa bado langoni. "Huyu ni yule aliyenifokea mpaka nikashindwa kula chakula cha mchana!" Akamwita mkewe aje anione.

Nilimwambia asante. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi njiani lakini nilisema hilo tu, halafu nikaanza kulia, na mkewe naye akalia bila kujua tunalia nini. Mzee akaniacha nilie. Baadaye akasogeza kiti chake karibu na changu, akauliza kwa sauti ya chini, "Hizo mpya, zinasikika vipi zikiwaka?" Hakuwahi kuigusa hata moja. Nikamweleza yote, injini, breki, vile skrini inakuambia mahali penye hitilafu hata kabla hujafungua kitu. Alisikiliza amefunga macho, anatabasamu. Mpaka leo namshukuru Mungu kwamba nilifika Njoro yule mzee akiwa hai.

Sasa sikia nasaha yangu, na usiiandike kwenye simu, iweke kichwani. Ukisimama Alhamisi usianze na umri wa ndege, watakushinda kwa hesabu. Waambie wakaangalie kile ambacho jumbo zinakula ili ziendelee kuruka: spea za dada zao, akili za mafundi wenu bora, na muda ambao vijana wangekuwa wanajifunza kitu kipya. Waambie wakati mzuri wa kuiaga ndege ni pale ambapo bado mnaiamini. Na kabla ya kutaja ndege mpya, taja watu. Sema nani atafunzwa, lini, na nani hataachwa nyuma. Ukisahau hilo, hata ukisema kweli utakuwa umesema nusu. Na hizo jumbo usizitukane. Zimelisha familia nyingi, pamoja na hii yetu. Ziage kwa heshima.

Na kiti chako? Mwanangu, sitakudanganya kwamba hutakipoteza. Mzee Kirui alikipoteza chake. Lakini mimi nimekula, nimesomesha, nimejenga nyumba hii unamolala, kwa sababu mtu mmoja hakukiogopea kiti chake. Ukinyamaza Alhamisi, utakaa kwenye hicho kiti huku unajua unakalia mkate wa nani.

Nenda basi. Mungu wa nyanya yako akufungue mdomo ukiwa mbele ya hao wakubwa, akupe sauti isiyotetemeka. Amlinde mkeo, ajifungue salama, mtoto aje na riziki yake. Akikuondoa kwenye kazi hii, akupe nyingine upesi. Na hata akichelewa kukupa, nakuombea kitu kimoja kikubwa kuliko kazi: siku moja kijana ambaye leo hata hujui jina lake aingie langoni mwako amebeba sukari na unga, akwambie asante, na wewe uwe bado unasikia.